Mpunga Mfupi Unaonukia

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupata diploma, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ndogo. Sikusomeshwa na mjomba wala mfadhili. Nilianza kwa kukata miwa Kidatu, panga mkononi na masizi usoni, kisha nikaenda mbali zaidi, kwenye shamba moja la utafiti wa mpunga, kubeba ndoo za maji. Nilibeba ndoo miaka miwili huku nikiwatazama wenye makoti meupe wanavyofanya. Mwaka wa tatu mmoja wao alikuja na homa, kibanio chake cha kushikia vitu vidogo kikimponyoka, nikamwomba anipe nimalizie kazi. Tangu siku hiyo sikubeba ndoo tena. Chuo nilijilipia mwenyewe. Niliporudi Ifakara nilikuwa na cheti chenye muhuri, kibanio changu, na mkasi mdogo mkali kuliko wa fundi cherehani yeyote. Nyumba yangu Mlabani ina vigae mbele. Wapitao hutazama.

Nasema haya ili ijulikane kwamba nilipomwambia mama nitamtengenezea mpunga, sikuwa naropoka.

Mama analima kwenye ardhi ya chini kuelekea mtoni, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka kwangu. Mbegu yake aliipokea kwa mama yake, naye kwa mama yake. Ni mpunga mrefu, unamfika mtu begani, na harufu yake unaipata njiani kabla hujaliona shamba. Ubaya wake mmoja: ni mrefu mno. Mvua za Aprili zikija na upepo, unalala. Mpunga uliolala unavunwa kwa kuinama, unauinua suke kwa suke kutoka kwenye tope, siku nzima, wiki tatu. Mama alipokuwa na mgongo mzima hilo lilikuwa jambo la kawaida. Mwaka niliorudi nilimkuta anavuna akiwa amepiga magoti.

"Shikamoo mama. Kwa nini usisimame kidogo?"

"Marahaba. Nikisimama sitainama tena." Alijifuta tope kwenye goti. "Ukilala tena mwakani, shamba nawaachia wajomba zako. Siwezi kuvuna kama mtu anayeomba msamaha."

Nilimwambia dukani kuna mpunga mfupi, unaofika kiunoni, haulali hata upepo uje na ndugu zake wote.

"Nimeuonja kwa mama yako mdogo," alisema. "Ukiupika, jirani hajui kama unapika."

Mama mdogo ni mdogo wake mama, shamba lake linapakana na lile. Ulimi wake ni mwepesi. Alikuwa upande wa pili wa mfereji akisikiliza kila neno.

Hapo ndipo nilipotoa ahadi. "Nitachukua harufu kutoka kwa huu wako, ufupi kutoka kwa ule, niviweke kwenye shina moja."

"Kama anavyochanganya saruji na mchanga," alisema mama mdogo.

Kazi niliifanya nyuma ya nyumba yangu, kwenye ndoo za plastiki. Ua la mpunga hujioa lenyewe. Ndani ya ganda moja dogo mna upande wa kike na vifuko sita vya chavua, na ganda likifunguka asubuhi, kwa saa moja hivi, harusi imeshapita. Ndiyo maana mbegu ya bibi yangu haikubadilika miaka yote hiyo ingawa imezungukwa na mpunga wa kila aina. Ukitaka kumletea bwana mwingine, lazima uwahi. Jioni unakata ncha ya ganda kwa mkasi, unatoa vile vifuko sita kwa kibanio bila kuligusa jike, unafunika suke kwa mfuko wa karatasi. Kesho yake asubuhi unakung'uta chavua ya mpunga mwingine juu yake. Mke alikuwa mpunga wa mama, mume ule wa dukani.

Mama mdogo alikuja kuona. Aliinama juu ya ndoo akiwa ameshika mdomo.

"Kumbe unauhasi."

"Ndiyo, mama mdogo."

"Unamhasi bwana harusi mmoja ili umlete mwingine. Na hili wanalitolea cheti?"

Nilipata punje kumi na moja, vichwa vyao vikiwa wazi pale mkasi ulipopita. Wengine wangepata tatu. Nilizipeleka kwa mama kwenye bahasha, nikamwonyesha kama mtu anayeonyesha dhahabu.

Msimu uliofuata zilichipua tisa, tukazipanda pembeni mwa shamba lake. Zilistawi. Zilifika kiunoni, zikapita kiunoni, zikafika begani, zikaendelea. Zilipochanua nilisimama katikati yake asubuhi, nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Hakuna. Zilinuka majani na tope, basi.

Mama mdogo alizizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Baba, umechukua urefu wa mke na ububu wa mume. Hata sisi tusio na diploma tungeweza kukosea hivi."

Siku tatu sikwenda shambani. Naandika ukweli: somo lenyewe nililijua. Swali la namna hiyo lilikuja kwenye mtihani na nililijibu vizuri kuliko darasa zima. Lakini kule chuoni lilikuwa swali la herufi kwenye karatasi, na huku lilikuwa shamba la mama, na akili yangu haikuwa imevikutanisha viwili hivyo. Aliyevikutanisha ni mama, na hajui kusoma mchoro.

Alivuna yale mashina tisa, akatwanga kikombe kimoja, akapika. Nilimkuta amefunua sufuria, uso ndani ya mvuke.

"Kuna mtu humu," alisema.

"Nani?"

"Ananukia kwa mbali. Kama aliyepita ukumbini akaondoka."

Mimi sikusikia kitu. Mama hakubishana. Aliketi mkekani na mchele mbichi uliobaki kwenye ungo, akaanza kutafuna punje moja moja kwa meno ya mbele, akitulia baada ya kila moja. Nusu iliyobaki ya punje aliiweka kulia au kushoto. Nilidhani ni mchezo wa mtu mzima aliyechoka. Alipofika punje ya ishirini hivi nilichutama karibu. Alipofika ya arobaini niliyahesabu marundo yake mara mbili. Kushoto, zisizonukia: thelathini na moja. Kulia, zinazonukia: tisa.

Tatu kwa moja, au karibu sana na hapo. Mama alikuwa ametafuna swali langu la mtihani.

Niliomba maharage. Alinipa mekundu na meupe, naye akasogea, kwa sababu mama akiona kitu hakieleweki hatulii. Nikamweleza hivi. Kila shina la mpunga limebeba maagizo ya namna litakavyokuwa, na kila agizo lina nakala mbili, moja kwa mama yake, moja kwa baba yake. Maagizo hayo ndiyo wanayoyaita jeni. Mpunga wako una maharage mawili meupe ya harufu. Ule wa dukani una mawili mekundu. Nilipowaoza, mtoto alipata jeupe moja na jekundu moja. Lakini jekundu likiwepo, hata moja tu, harufu inazimwa.

"Kwa hiyo jeupe limekufa."

"Halijafa. Limekaa nyuma ya mwenzake, limenyamaza."

"Kama bibi yako alivyokaa nyuma ya babu yako," alisema, "na shamba likaendeshwa na yeye."

Nilimpa vikombe viwili, kila kimoja kina maharage mekundu na meupe sawasawa. Achukue moja kutoka huku, moja kutoka kule, bila kutazama, aweke jozi chini. Alifanya hivyo akiwa amefumba macho kwa nguvu, kama anayeogopa kudanganya. Jozi nyingi zilikuwa na jekundu angalau moja. Mara kwa mara, si kwa zamu, si kwa utaratibu wowote, mkono wake ulitoa meupe mawili.

"Hawa ndio niliowatafuna," alisema.

"Hao ndio. Na urefu nao ni hivyo hivyo. Ufupi haujapotea, umenyamaza nyuma ya urefu."

Alizichezea zile jozi. "Sasa mfupi anayenukia lazima apate meupe mawili ya harufu na meupe mawili ya ufupi."

Mimi ndiye mwenye cheti, na bado nilichelewa nyuma yake kidogo. Robo ya robo. Mmoja katika kumi na sita.

"Na huyo mmoja, watoto wake?" aliuliza.

"Huyo hana kilichojificha. Ana meupe matupu. Akijioa mwenyewe, watoto wake wote watakuwa kama yeye, na wajukuu, na vitukuu."

Mama alikusanya maharage akayarudisha kwenye kopo, akanitazama. "Basi panda watoto wa hawa warefu mabubu. Mwaka huu navumilia. Mmoja tu."

Tulipanda mashina mia na sitini, mistari kumi, kumi na sita kila mstari, shina moja moja. Sikuwahi kuona shamba kama lile, na nimeona mengi. Ndugu wa tumbo moja, mmoja begani, mmoja kiunoni, mmoja katikati ya majani mapana, mwingine majani kama nyasi. Kila asubuhi nilipita na daftari. Mama mdogo aliuliza kama naita mahudhurio.

Wafupi walikuwa thelathini na wanane. Sasa ikabaki kuwatafuta wanaonukia miongoni mwao, na hapo pua yangu haifai. Tulikata majani ya kila mfupi vipande vidogo, tukaviweka kwenye vikombe, tukamwagia maji ya moto na kufunika kwa visahani. Mama alinusa asubuhi kabla hajala kitu, vikombe vichache kwa siku, kwa sababu alisema pua nayo huchoka kama mguu. Siku ya pili nilimwekea kisiri kikombe cha mpunga wake wa zamani katikati ya vingine.

Alifunua, akafunika. "Hiki ni cha kwangu. Unanipima?"

"Ndivyo inavyofanywa kitaalamu, mama."

"Na wewe ukipimwa unafurahi?"

Alipomaliza wote alikuwa na uhakika na sita. Nilitegemea kama kumi. Nilimwambia kitabu kinasema kumi.

"Kwani walikubaliana?" alijibu.

Wa saba nilimwongeza mimi. Mama alisita juu yake, mimi nikasema nausikia, unanukia, nikang'ang'ania. Mashina yote saba niliyafunga uzi mwekundu, nikamweleza mama peke yake kwamba hayo ndiyo mbegu, hayaguswi.

Kisha niliitwa Chita kuwaonyesha watu upandaji wa mistari, siku nne. Kazi kama hizo huniangukia. Nilirudi kwa treni, nikachukua baiskeli yangu niliyoiacha stesheni, moja kwa moja kwenda shambani bila hata kupitia nyumbani.

Kabla sijafika, njiani, upepo uliniletea harufu. Hata pua yangu iliisikia. Ilikuwa harufu ya pepeta, mpunga ambao haujakauka, unaokaangwa na kutwangwa ukiwa wa moto mpaka unakuwa bapa. Harufu ya utoto wangu wote. Nilisimamisha baiskeli nikacheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka. Mpunga mrefu wa mama ulikuwa bado una maziwa, hautoi pepeta kwa wiki mbili zaidi. Wa mama mdogo haunukii kabisa. Ni mpunga gani basi uliokuwa kwenye moto?

Nilimkuta mama mdogo chini ya dungu, kibanda cha kuamia ndege wasile mpunga, anatwanga. Mama hakuwepo, alikwenda kliniki kwa ajili ya mgongo.

"Karibu baba. Kaa hapo ule pepeta ikiwa ya moto. Nimekuta umeshanifungia na uzi."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Kwetu anayeamia ndege ndiye anayekula pepeta ya kwanza, na shina lililowahi kuiva hufungwa fundo la nyasi ili ajue ni lake. Mama mdogo amekuwa akitafuta mafundo hayo tangu akiwa msichana. Wafupi wangu waliwahi kuiva. Mimi, kwa mikono yangu yenye utaalamu, niliyafunga mashina ya mbegu kwa alama ya pepeta, tena kwa rangi inayoonekana mbali.

"Umekata yote?"

"Yote saba. Yalikuwa kidogo, ndiyo maana nimekaanga pamoja."

Punje iliyokaangwa haioti. Niliketi kwenye tuta. Mama mdogo aliushusha mchi taratibu.

"Baba, nimefanya nini?"

Nilimwambia. Aliinama akachota pepeta kwenye kinu kwa vidole, akaitazama kama anaweza kuirudisha. Ilinukia kiasi kwamba niliichukua mkononi mwake nikala. Msimu wa tatu wa kazi yangu, na nilikuwa nautafuna. Ilikuwa ni ile ile ya bibi. Nilikuwa nimefaulu, na ushahidi ulikuwa unashuka tumboni.

Mama alirudi mchana, anatembea kwa fimbo aliyopewa kliniki. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Hakumgombeza mtu.

"Umekata wapi?" alimuuliza mdogo wake. "Kwenye tope au juu?"

"Juu, dada. Kwa kisu. Masuke na bua kidogo."

"Na bua lilikuwa kijani?"

"Kijani."

"Basi mama yupo," alisema mama. "Waliokwenda ni watoto."

Nilikuwa nayajua machipukizi, kila mtu wa bonde anayajua. Baada ya mavuno visiki huota tena, na ng'ombe wa wafugaji huingia wakayamaliza. Sikuwahi kuyaona kuwa kitu. Lakini akili ilianza kuzunguka tena. Chipukizi si mtoto. Halikuchagua haragwe kutoka huku na jingine kutoka kule. Ni shina lile lile likiendelea kuishi, na maagizo yale yale, meupe kwa meupe.

Tuliyang'oa mashina yote saba na udongo wake kabla ng'ombe hawajafika. Matano niliyafunga kwenye baiskeli. Mawili yaliyobaki mama mdogo aliyabeba kichwani kwenye beseni, maji ya tope yakimchirizika shingoni. Nilimsimamishia bodaboda, akakataa.

"Niache. Huu mzigo ni wangu." Alitembea hivyo mpaka Mlabani.

Kwa miezi miwili na zaidi, mbele ya vigae vyangu zilijipanga ndoo saba, na mama mdogo aliketi barazani kwenye kiti cha plastiki, fimbo mkononi, akiamia ndege. Wageni waliuliza kama nimefilisika au nimeokoka. Nilimwagia maji asubuhi na jioni. Shina moja lilioza. Mengine sita yalitoa masuke mafupi, mepesi, konzi moja kila shina, yote pamoja hayakujaza kofia. Mbegu za kila shina niliziweka kwenye bahasha yake. Nimewahi kusimamia maghala. Sijawahi kulinda kitu kama nilivyozilinda bahasha zile sita.

Msimu uliofuata tulizipanda mistari sita, kila shina na mstari wake. Zote zilikuja fupi, hakuna hata moja iliyopita kiunoni. Zilipochanua, mama alipita polepole kwenye kila mstari. Mitano ilinukia mwanzo hadi mwisho. Mmoja haukunukia. Ulikuwa ni ule niliouongeza mimi kwa kung'ang'ania.

Mama mdogo alisema, "Huo tuufunge uzi, tuandike jina la mwenye nao."

Mvua za Aprili zilikuja na upepo kama kawaida yake. Asubuhi yake nilikwenda mbio. Mpunga mrefu wa mama, ule aliopanda sehemu kubwa ya shamba kwa sababu mbegu mpya ilikuwa ndogo, ulikuwa umelala wote, umeelekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Katikati yake mistari mitano ilikuwa imesimama, inadondosha maji.

Siku ya kuvuna mama aliacha fimbo kwenye dungu. Alishika kisu, akasimama mwanzoni mwa mstari wa kwanza. Masuke yalikuwa kwenye usawa wa mkono wake. Alikata, akaweka kwenye kikapu alichojifunga kiunoni, akakata tena. Mkono wake wa kushoto ulinyooka kwenye suke lililozidi mengine kidogo kwa urefu, kama alivyofundishwa na mama yake kuchagua mbegu, ukasita, ukaliacha, ukachukua la jirani.

"Umeona?" nilimwambia mama mdogo. "Hii ni kazi ya mtu aliyeanzia kwenye ndoo za maji. Hakuna aliyenishika mkono."

"Dada," aliita mama mdogo, "hii ya kujisifu mwanao kaitoa wapi? Baba yake alikuwa mtu wa kimya."

"Kwa babu yake," alijibu mama bila kugeuka. "Ilikaa nyuma ya mwenzake."

Nilitaka kusema kwamba tabia za watu si kama mpunga, kwamba hazikai kwenye maharage mawili, kwamba jambo hilo lina mjadala mrefu kwa wataalamu. Ni kweli, lina mjadala. Lakini mama alikuwa amefika mwisho wa mstari. Hakushika mgongo. Aligeuka, akapandisha kikapu kiunoni, akaanza wa pili akirudi kwetu, na nilimwona uso wake wote muda wote alipokuwa anavuna.